Unga wa Jiwe Kinywani mwa Mama Léocadie

Mama Léocadie anauza fromaji katika soko la Virunga, mjini Goma. Watu wa nchi nyingine wanaiita jibini. Ni maziwa ya ng'ombe wa Masisi. Yanagandishwa, yanakamuliwa maji, yanatiwa chumvi, kisha yanalazwa juu ya mbao mpaka yashike ganda. Jumanne na Ijumaa pikipiki inamletea mzigo kutoka milimani. Anazipanga fromaji zake mezani, za mviringo, za manjano, na kuzifuta moja moja kwa kitambaa.

Mtoto wake wa kwanza anaitwa Lévi. Kwa hiyo soko zima linamwita Mama Lévi.

Kazi hii aliirithi kwa mama yake. Alirithi pia desturi yake: muuzaji anauma kwanza, mteja anaonja nyuma yake. "Kama mwenyewe anaogopa kuila, nani ataila?" Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Basi kila mteja akifika, Léocadie anakata kipande, anakiuma kwa meno ya mbele, anatafuna, anatabasamu. Ndipo anamkatia mteja kipande chake.

Ijumaa moja asubuhi alifika Papa Florent, mpishi wa restora moja ya mtaa wa Himbi. Alikuwa mteja wa siku nyingi. Léocadie akakata, akauma, akaweka kilichobaki juu ya ubao. Papa Florent akakitazama kile kipande. Pale penye alama ya meno kulikuwa na mstari mwekundu.

"Mama Lévi," akasema, "leo umetuletea fromaji ao nyama?"

Alicheka. Lakini hakuonja. Akasema amekumbuka kitu, akaondoka, akaenda moja kwa moja kwa muuzaji wa mwisho wa safu.

Meza ya pembeni ni ya Kaswera. Anauza vitunguu na poro, yale majani marefu ya jamii ya vitunguu, kutoka Kibumba. Kaswera ni mtu wa Butembo, na ulimi wake haujui kupumzika.

"Ni meno?" akauliza.

"Ni meno."

"Fungua nione."

"Kaswera, miye niko ng'ombe ya kuuzisha?"

"Ng'ombe tunaangalia meno mbele ya kununua. Weye tunakuangalia bure. Fungua!"

Léocadie akafungua kinywa. Meno ya mbele ya chini yalionekana marefu kuliko zamani. Nyama ya meno, yaani ufizi, ilikuwa imevimba, nyekundu, na imeshuka. Chini ya weupe wa meno palionekana sehemu nyingine, ya manjano inayokaribia kahawia. Nyuma yake ukoko mgumu ulikuwa umeshika, kama ukoko wa chini ya sufuria. Meno mawili yalicheza yakiguswa na ulimi.

"Na ile rangi ya chini ni nini?" Kaswera akauliza.

"Ni uchafu. Niko naisugua kila siku, haitoke."

"Unaisugua na nini?"

Léocadie akasita. Kisha akasema.

Goma ni mji wa mawe ya volkano. Jiwe liko chini ya miguu, liko ukutani, liko hata katika bustani ya maharagwe. Kuna lile jepesi lenye matundu, ambalo wamama wanasugulia sufuria mpaka inang'aa. Léocadie alichukua hilo. Alilisaga, akalichekecha kwa kitambaa mpaka likawa unga laini, akachanganya na maji ya limau. Aliwaza hivi: kinachong'arisha sufuria hakishindwi na jino. Siku za kwanza meno yaling'aa kweli. Baadaye maji ya baridi yakaanza kumchoma kama sindano. Na damu ikaongezeka. Yeye akaona bado ni uchafu. Akazidi kusugua.

"Miezi ngapi?" Kaswera akauliza.

"Inaingia mwezi ya tatu."

"Ngoa yote, uwekewe ya plastiki. Ile haiumake."

"Usinichekeshe. Mama yangu alisemaka kila mutoto anaenda na jino moja ya mama yake. Miye niko na batoto batano. Meno mbili imeshaanza kuenda."

"Basi bado tatu," Kaswera akasema, akacheka.

Léocadie hakucheka. Alikuwa na miaka thelathini na nane. Alikumbuka mwaka mama yake alipobaki bila meno ya mbele. Alijaribu kuuza kwa wiki moja. Wateja walimwambia, "Mama, uma basi tuone," naye akafunika kinywa kwa kitenge. Wiki ya pili hakurudi sokoni tena. Sasa zamu ilikuwa imemfikia binti yake.

Nyumbani, mume wake Théoneste alikuwa anaosha vyombo vyake vya kazi. Théoneste ni fundi wa kujenga. Léocadie akamweleza habari ya Papa Florent, na habari ya unga. Unga huo alikuwa hajamwambia.

Théoneste akainua tindo yake, kile chuma cha kupasulia mawe. Ncha yake ilikuwa butu kama kidole.

"Hii tindo niliinunua mwezi wa jana," akasema. "Ona. Ile jiwe inakula chuma, Mama Lévi. Jino ndiyo itaiogopa?"

Léocadie akaitazama ncha ya tindo. Jumatatu asubuhi akaenda kwenye kituo cha afya.

Docta wa meno aliitwa Aubin. Alikuwa kijana kutoka mji wa Kiwanja, mwenye sauti ya polepole. Alimlaza kwenye kiti, akawasha taa, akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama ndogo ndogo kama za rula. Akakiingiza taratibu kati ya ufizi na jino.

"Tano," akasema. "Sita. Sita. Saba."

Léocadie akaushika mkono wa docta.

"Docta, uko unahesabu nini ndani ya kinywa yangu?"

"Milimita, mama. Ufizi mzima unashika jino vizuri. Kijiti kinaingia mbili, tatu, kinasimama. Kwako kinaenda mpaka saba. Ufizi umeachana na jino, kumekuwa mufuko pale. Mikrobe, vile vijidudu, wanajificha ndani, ukoko unajenga, na mufupa unaoshika jino unarudi nyuma."

"Nionyeshe."

Aubin akampa kioo. Léocadie akaangalia kwa muda mrefu. Woga wake ulikuwa bado uko, lakini pembeni yake kitu kingine kiliingia: alitaka kujua.

"Na hii ya kahawia? Ni uchafu wa nini?"

"Hii si uchafu tu. Hii ni muzizi wa jino."

"Muzizi? Si muzizi inakaa ndani?"

"Njo shida yenyewe. Imeachwa inje."

Aubin akafungua kabati, akatoa chupa ndogo. Ndani ya maji kulikuwa na jino la mtu lililong'olewa zamani. Akalitoa, akaliweka juu ya kitambaa. Akampa Léocadie glovu na sindano nene ya chuma.

"Kwangua hapa juu, kwenye weupe."

Léocadie akakwangua. Sindano iliteleza. Hakuna alama.

"Sasa kwangua hapa chini, kwenye muzizi."

Sindano ikaacha mstari. Léocadie akastaajabu. Akakwangua tena, mahali pengine. Mstari wa pili.

"Kumbe ni jino moja na inavaa nguo mbili!"

"Vizuri sana. Juu inavaa émail, ile nguo nyeupe. Hakuna kitu kigumu kuipita katika mwili wote. Chini inavaa ganda nyembamba, tunaiita sementi. Ganda hilo limeumbwa kukaa gizani, ndani ya ufizi na mufupa. Halikuumbwa kwa kupambana na chakula, mate na mikrobe." Akalirudisha jino chupani. "Mama, unafanya kazi gani?"

"Nauzisha fromaji."

"Bon. Fromaji ikipasuka ganda, inakuwa namna gani?"

Hapo Léocadie alikuwa nyumbani kwake. Akainuka na kukaa wima kwenye kiti.

"Inakunywa kila kitu, docta! Wakati ya mvua moja ilipasuka. Niliiacha siku mbili karibu na vitunguu ya Kaswera. Niliiosha, nikaifuta. Bure. Vitunguu iliingia ndani. Haikukuwa harufu ya juu."

"Muzizi ulioachwa wazi unafanya vilevile," Aubin akasema. "Sumu ya mikrobe inaingia kwenye ganda lake. Kuosha na maji peke yake haitoshi. Ufizi ukitaka kurudi na kushika, unakuta sumu, unakataa. Tena mikrobe wakila sukari wanatoa asidi. Asidi inaiba kalsiamu. Unajua kalsiamu?"

"Ile ya maziwa."

"Ile. Njo inafanya jino kuwa gumu. Ikitoka, muzizi unalainika, unabadilika rangi, unaweza kuoza mbiombio kuliko sehemu ya juu."

Léocadie akafikiri. Kuna jambo lilikuwa halijamkaa sawa.

"Docta, miye fromaji naijua. Kama inakunywa ubaya, inakunywa na uzuri. Sisi tunailaza kwa maji ya chumvi. Maji inatoka, chumvi inaingia, ganda inakomaa. Muzizi haiwezi kufanya vile?"

Aubin alikuwa ameanza kuandika kwenye karatasi; akaacha. Akamtazama.

"Mama, hilo swali wanafunzi wanaokuja kujifunza hapa hawajaniulizaka. Ndiyo. Inaweza. Mate yako yana kalsiamu. Dawa ya meno ina floridi. Kwenye boksi imeandikwa fluor. Kama muzizi uko safi, hivyo vitu vinaingia, na ganda linarudi kuwa gumu. Muzizi unachukua na kutoa kila siku. Inategemea umeulaza kwa maji gani."

"Basi hiyo floridi niimeze?"

"Hapana! Inafanya kazi juu ya jino. Sugua, tema. Na mutoto mudogo umuwekee kidogo tu, kama punje ya muchele. Ikimuzidi tumboni, meno yake makubwa yanatoka na madoa. Umeona watoto fulani wa upande wa volkano? Maji wanayokunywa yanaweza kuwa nayo nyingi."

"Kumbe ni ile!" Léocadie akasema. Aliwajua watoto wa Munigi wenye madoa hayo. Siku zote alidhani hawapigi mswaki.

Alikuwa amefika kwenye swali aliloliogopa.

"Docta. Na mutu akisugua muzizi na unga ya jiwe? Na limau?"

Aubin hakucheka wala hakukasirika. Alimrudishia kioo, akamwonyesha kwa ncha ya kijiti. Kwenye shingo ya meno, pale weupe unapokutana na mzizi, kulikuwa na mfereji mdogo, kana kwamba uzi umekata pale.

"Limau ni asidi. Inatoa kalsiamu, muzizi unalainika. Jiwe inakuja nyuma yake, inakwangua kilicholainika. Kila siku."

"Kwa mikono yangu mwenyewe," Léocadie akasema taratibu. "Niliona ni kama ukungu ya fromaji. Tunakwangua, ganda ingine inakuja."

"Fromaji inafanya ganda ingine. Muzizi hapana. Kilichoondoka kimeondoka."

Léocadie akaweka kioo chini. Akauliza tena, kwa hasira kidogo:

"Na weye je? Hivi vyuma vyako si vitakwangua?"

"Vitakwangua ukoko. Na ile sumu iliyoshika juu ya muzizi. Pale tu penye ugonjwa, na kidogo kidogo, macho yangu yakiangalia. Jiwe yako haikuwa na macho, mama."

Jibu hilo lilimtosha. Akauliza la mwisho.

"Mama yangu alisemaka watoto ndio wanachukua meno."

"Mutoto hachukue jino. Mimba inafanya ufizi uvimbe na utoke damu upesi. Mama anachoka, mswaki unalala, ukoko unajenga. Kiisha tunamusingizia mutoto ambaye hata hajazaliwa."

Kazi ilifanyika kwa siku mbili. Aubin alimchoma sindano ya ganzi, akatoa ukoko juu ya ufizi na chini yake, akaisawazisha mizizi. Léocadie alitaka kuuona ukoko wake. Ulikuwa mweusi, mgumu kama kokoto. Aliushika kiganjani na kusema, "Hii yote nilikuwa nakaa nayo?"

Jino moja halikuokoka. Mfupa wake ulikuwa umekwisha. Aubin alilitoa, na Léocadie akalia kidogo. Jirani yake lililokuwa likicheza nalo liliachwa.

"Hiyo itabaki?" akauliza.

"Sijui," Aubin akasema. "Miezi tatu itatuambia. Sehemu yangu nimefanya. Sehemu kubwa ni yako."

Sehemu yake ilikuwa hii. Mswaki laini, si ule mgumu wa kuparuza. Dawa ya meno yenye fluor, asubuhi na kabla ya kulala. Baada ya kusugua, kutema tu, asisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki juu ya mizizi. Kusafisha katikati ya meno kwa brashi ndogo aliyopewa. Limau, marufuku kwenye meno. Jiwe lirudi kwenye sufuria.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Chai ya moto ilimchoma, maji ya baridi yalimchoma. Aubin alikuwa amemwambia kwamba hali hiyo itapungua wiki kwa wiki, na asiache mswaki kwa sababu ya maumivu wala kwa sababu ya damu. Mama unayesoma, hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. Tunaona damu, tunaogopa kusugua, kumbe damu inaita mswaki laini na docta. Tukiuacha, mikrobe wanashangilia.

Sokoni, Léocadie hakuweza kuuma. Siku ya kwanza mteja akasimama, akangoja. Kaswera akaruka kutoka kwenye vitunguu vyake.

"Nipe! Miye nitauma kwa jina yako."

"Weye utanuka vitunguu."

"Wanunue vyote viwili!"

Tangu siku hiyo Kaswera akawa jino la meza ya fromaji. Aliuma vipande vikubwa kuliko vya wateja. Pia alieleza habari nzima kwa kila mtu, bila kuombwa, na akionyesha kwa vidole. Ndivyo Papa Florent alivyoisikia. Wiki ya tatu alirudi kununua. Alinunua fromaji mbili, akauliza kwa sauti ya chini huyo docta anapatikana siku gani.

Miezi mitatu ikapita. Léocadie akarudi kwenye kile kiti. Hakulala usingizi mzuri usiku uliotangulia. Aubin akachukua kijiti chake.

"Tatu," akasema. "Tatu. Mbili. Nne."

Léocadie sasa alijua kuhesabu hesabu hiyo.

Aubin akashika lile jino la mashaka kati ya vyuma viwili, akalisukuma mbele na nyuma. Akalisukuma tena. Lilitikisika kidogo sana.

"Imeshika?" Léocadie akauliza.

"Imeshika. Ufizi umekaza. Damu hakuna."

Léocadie akaomba kioo. Ufizi ulikuwa na rangi ya waridi iliyopauka, umetulia. Haukupanda kurudi mahali pa zamani. Meno yalibaki marefu. Na chini yake, mzizi ulikuwa bado wa kahawia. Tena rangi yake ilikolea zaidi kuliko kwanza.

"Docta, rangi haikutoka."

Aubin akagusa mahali pale kwa ncha ya chuma. Ikalia kavu, ti, ti, ti. Akapitisha ncha, ikateleza.

"Unasikia? Mara ya kwanza chuma ilikuwa inanatanata hapa. Sasa inateleza. Kalsiamu imerudi, floridi imeingia. Ni kahawia, lakini ni ngumu. Usiitafutie weupe."

"Niiache hivi?"

"Iache hivi. Ukiona imekuwa laini, ao damu imerudi, njoo. Hata bila hivyo, njoo miezi tatu ikipita."

Léocadie akapitisha ulimi juu ya jino lake. Lilikuwa gumu na lenye kuteleza kama kigae kilichooshwa. Alitoka nje bila kufunika kinywa.

Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anachoma mahindi. Léocadie alikuwa hajauma hindi la kuchoma kwa mwaka mzima. Nyumbani alikuwa akiwakatia watoto mahindi, yeye anapukusulia punje zake kwenye sahani na kutafunia pembeni. Akasimama. Akachagua moja, si lililokauka sana.

Akauma mstari wa kwanza, polepole. Jino halikusogea. Akauma wa pili. Muuza mahindi alidhani anaogopa kuungua, akamwambia, "Puliza, mama, iko moto." Léocadie akapuliza, akaendelea kuuma. Pale penye pengo, mahindi yalibaki yamesimama, mstari mwembamba kuzunguka hindi lote. Alipomaliza akayapukusua kwa kidole gumba, punje kwa punje, akayala nayo.